Bunga Meka Mbili, Sabuni Nusu

Ukitaka kujua kama mtu amekulia Lubumbashi, kusini mwa Kongo, mpeleke kwa muuza unga umwangalie mikono. Aliyekulia kule ataishika meka kwanza na kuigeuza aone kitako chake. Meka ni kopo la bati la kupimia unga wa mahindi, na kitako cha meka kina siasa yake. Kikigongwa nyundo kidogo kutoka chini, bati linabonyea kwa ndani, na kila meka inayouzwa inapungua konzi moja bila mnunuzi kujua. Mama yangu alikuwa akiingiza mkono ndani ya kopo kabla halijajazwa, anapapasa chini, halafu anamtazama muuzaji usoni. Hasemi neno. Muuzaji mwenye aibu alitoa meka nyingine chini ya meza. Asiye na aibu alianza kupiga kelele kuhusu bei ya mafuta ya lori kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Kwa Papa Butiki, mwenye duka la mtaani kwetu, mama hakupapasa. Meka yake ilikuwa moja tu, imechubuka rangi yote, kitako kimenyooka. Aliijaza kwa kibakuli cha plastiki, akaacha unga upande juu kama kichuguu, na hakupitisha kiganja kusawazisha. Nasema haya mapema kwa sababu baadaye katika makala hii kuna watu watamwita mwizi, na baba yangu ni mmoja wao. Ubahili wake ulikuwa kwenye sukari. Sukari aliifunga mwenyewe usiku katika vijipande vya plastiki, akavikaza kwa fundo na kuvichoma ncha kwa moto wa buji (mshumaa), na vifuko hivyo vilizidi kukonda mwaka hata mwaka. Ukilalamika anakwambia, "Sukari haina meka."

Butiki yenyewe ilikuwa Katuba, mtaa mmoja wa Lubumbashi, pale njia mbili za vumbi jekundu zinapokatana, chumba cha mbele cha nyumba yake alichotoboa dirisha kubwa na kulitia nondo. Hukuingia ndani. Ulisimama barazani, ukapitisha pesa katikati ya nondo, na bidhaa zikatokea njia hiyo hiyo, isipokuwa meka ya unga ambayo haikupita. Hiyo ulizunguka mlangoni na beseni lako. Sisi watoto tulikuwa wafupi kuliko dirisha. Aliweka kasha la bia ya Simba juu chini tupande, na kasha hilo ndilo lililokuwa foleni: aliye juu ya kasha ndiye anayehudumiwa, wengine wasubiri.

Ndani kulikuwa na giza lenye harufu ya makayabu (samaki wa chumvi) na sabuni. Nikifumba macho naweza kupanga rafu zile mpaka leo. Juu kabisa betri, viberiti, na makopo ya maziwa ambayo sikumbuki kuona mtu akinunua. Katikati chumvi, majani ya chai, nyanya za kopo. Nyanya hakuziuza kwa kopo; alifungua moja asubuhi na kuuza kwa kijiko, akikufutia kijiko kwenye kipande cha karatasi au kwenye kisahani ulichokuja nacho. Mafuta ya kupikia yalikuwa kwenye ndoo na yakapimwa kwa vichupa vya dawa. Sigara moja moja. Kidonge cha kichwa kimoja kimoja. Sabuni ya mche aliikata kwa waya wa baiskeli aliouvuta pande mbili kwa vijiti, na alikuwa na jicho: robo zake nne zilikuwa sawa, huwezi kuchagua. Pembeni, ndani ya gunia lililokunjwa mdomo, kulikuwa na ndakala, dagaa wakavu, na kwenye sahani peke yake pemba, ule udongo mweupe ambao mama wajawazito waliununua huku wakijifanya wametumwa na mtu mwingine. Mtaa wote ulijua nani ana mimba kabla ya mume wake kujua, na Papa Butiki alijua kabla ya mtaa. Hakuwahi kusema.

Alikuwa Mkasai, mtu wa upande wa Mwene-Ditu, aliyeletwa Lubumbashi na reli kama wengi. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ambao reli ilifika kutoka kusini, na tangu siku za Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, watu waliletwa migodini kutoka kila pande: Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda. Yeye hakuja kuchimba. Kijana aliajiriwa karani katika duka la Mgiriki mmoja katikati ya mji, na huko ndiko alikojifunza kuandika hesabu kwa mistari miwili, mkono wa kushoto kinachotoka, wa kulia kinachoingia. Halafu tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu akatangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitapita mikononi mwa Wazaire, kama tulivyoitwa wakati ule. Duka la Mgiriki akapewa mtu aliyekuwa na jamaa serikalini. Papa Butiki alisimulia hadithi hiyo mara nyingi, na sehemu aliyoipenda ni hii: bwana mpya alifika na gari, akauliza bei ya kila kitu, akafurahi sana, akauza. Akauza mpaka rafu zikabaki mbao. Siku karani alipomuuliza lini wataagiza mzigo mwingine, yule bwana alishangaa kweli. Hakujua kwamba duka linaagiza.

Serikali ilianza kuwarudishia wenye mali mwaka 1976, lakini Mgiriki alikuwa ameondoka zake na karani amerudi Katuba, ametoboa dirisha kwenye chumba chake cha mbele.

Daftari lake la madeni lilikuwa la shule, lile la jalada gumu, na lilikaa juu ya gunia la chumvi likiwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake. Hakuandika majina ya watu. Aliandika namba ya nyumba na njia, kwa sababu majina, alisema, yanabadilika. (Kweli. Mobutu alitufutia majina ya Kikristo mwaka 1972, na nusu ya mtaa ilikuwa na jina la kanisani, jina la kazini na jina la nyumbani.) Mimi ndiye nilikuwa natumwa, na maneno niliyapewa tayari nyumbani, nikayarudia njiani nisiyasahau.

"Papa, mama anasema umupatie bunga meka moja na sabuni robo. Atalipa."

"Atalipa wakati gani?"

"Papa akipata mushahara."

Hapo aliinua macho. Mtoto mjinga angeambiwa arudi kuuliza. Mimi nilijua kunyamaza, na akiona nimenyamaza anachukua meka. Mwisho wa mwezi baba alipita mwenyewe jioni, akalipa, wakakaa barazani. Nkongole yetu, yaani deni, ilifutwa kwa mstari mmoja mnyoofu uliochorwa na rula, na ukurasa ukaanza upya. Nadhani mpaka mwaka 1990 mambo yalikwenda hivyo bila ugomvi wa maana.

Halafu pesa ikaanza kuugua. Waliokuwa wakubwa wakati ule wanakumbuka kuliko mimi, lakini hata mtoto aliona. Zaire, pesa yetu, iliyozaliwa mwaka 1967 ikiwa moja sawa na dola mbili za Marekani, ilikuwa inahesabiwa sasa kwa mamilioni. Mji nao ulikuwa unaanguka pamoja nayo. Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya themanini, mwaka 1994 haikufika tani 50,000, na katika mji kama wetu hilo si jambo la gazetini. Ni fundi viatu asiye na viatu vya kushona, ni muuza mkate anayebaki na mikate. Baba alikuwa makanika katika kampuni moja ya malori. Mshahara wake ulikuja umechelewa, na kila wiki uliyoisubiri ilikuwa imekula kipande chake. Unatumwa butiki asubuhi na pesa ya sabuni nzima, unasimama njiani kuangalia mpira, unafika saa nane, unaambiwa hiyo sasa ni ya nusu.

"Lakini asubuyi ulisema..."

"Ile ilikuwa bei ya asubuyi, mwanangu."

Sasa fikiria daftari. Nyumba imechukua meka tano za unga tarehe tatu, ikaandikiwa pesa ya tarehe tatu. Tarehe thelathini wanaleta pesa ile ile, kamili, kwa heshima zote, na Papa Butiki akienda nayo sokoni Kenya, mtaa mwingine wa Lubumbashi, haipati hata meka mbili. Amelipwa na ameibiwa, na aliyemwibia anaamini amelipa. Maduka mengi ya pembeni ya njia yalikufa hivyo katika miaka ile, sina shaka, bila mtu kuvunja mlango. Yaliuliwa na wateja waaminifu.

Wenye butiki wengine wakabandika karatasi: hakuna mkopo. Papa Butiki alifanya kitu kingine. Alifungua daftari jipya na humo hakuandika pesa kabisa. Aliandika vitu. Bunga meka mbili, sabuni nusu. Ndakala kopo moja. Mafuta vichupa vitatu. Siku utakayokuja kulipa, utalipa bei ya siku hiyo.

Mtaa ulipiga kelele. Baba yangu, mtu mpole, alirudi nyumbani siku ya kwanza ya kulipa amevimba shingo. Alikuwa amechukua unga kwa bei fulani na anaombwa karibu mara mbili yake. "Ni mwizi," alisema. "Hata benki haifanyi hivi." Mama alikuwa anachambua lengalenga (mchicha). Alimuuliza kama yeye, akimkopesha jirani meka mbili za unga, atakubali kurudishiwa moja na tabasamu. Baba akasema pesa ni pesa na unga ni unga. Mama akasema basi amuulize mwenye nyumba wetu, aliyekuwa ameanza kudai kodi kwa dola, kama naye ni mwizi.

Nimeona watu waliosoma uchumi wakieleza jambo hili kwa maneno marefu na grafu. Sijaona aliyelieleza vizuri kuliko mama na lengalenga zake. Ila lazima niseme pia baba hakuwa amekosea kabisa, na hili ndilo huwa tunaliruka tunapokumbuka maduka ya zamani kwa machozi. Daftari lile lilimlinda mwenye unga. Baba aliuza mikono yake kwa mwezi mzima, na hakuna aliyemwandikia mikono hiyo kwa meka. Mshahara wake ulibaki pesa, na hasara yote iliyotoka kwenye daftari la butiki ilimwangukia yeye. Lakini fikiria ile njia nyingine, karatasi ya hakuna mkopo: mwezi wa kwanza na wa pili, mvua inanyesha, mahindi mapya hayajakomaa mpaka mwezi wa nne, na bukari (ugali) ya jioni inategemea dirisha moja lenye nondo. Tulilipa. Baba alinung'unika na tulilipa.

Oktoba 1993 serikali ikatoa zaire mpya: moja yake kwa milioni tatu za zamani. Kwa siku chache tulijihisi watu wa Ulaya, tukihesabu kwa vidole. Mwaka uliofuata bei zilipanda kwa maelfu ya asilimia na sufuri zikarudi zote. Kwenye daftari la Papa Butiki hakukuwa na la kubadilisha. Meka ilibaki meka.

Yeye hata zile noti za zamani alizipokea, jambo lililotushangaza, mpaka tulipojua kwamba kule Kasai watu waliikataa zaire mpya na kuendelea kutumia za zamani. Mtaani walisema noti zake zilisafiri kwa treni chini ya magunia ya chumvi. Sikuziona. Niliona tu kwamba kwa noti ambazo mjini zilikuwa za kuwashia mbabula (jiko la makaa), yeye alikupa pipi.

Sehemu inayofuata ningependa kuipita haraka, lakini bila hiyo nitakuwa nasema uongo. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika mkoa wetu wa Katanga, ulioitwa Shaba wakati ule. Likasi na Kolwezi ndiko kulikokuwa kubaya: familia nzima nzima zilizozaliwa pale zililala kwenye stesheni wiki kwa wiki zikisubiri treni ya kuwapeleka kwenye nchi ambayo watoto wao hawajawahi kuiona, na wengi walikufa wakisubiri. Lubumbashi haikufika huko, lakini maneno yalifika. Dirisha la Papa Butiki lilifungwa siku kadhaa. Lilipofunguliwa lilikuwa wazi nusu, na kasha letu halikuwepo.

Na hapa ndipo daftari lilipoonyesha uso mwingine. Karibu kila nyumba iliyolizunguka dirisha lile ilikuwa na nkongole humo. Akiondoka, ukurasa wako unaondoka naye. Nilimsikia mtu mzima, baba wa rafiki yangu, akisema hivyo kwenye bomba la maji, akicheka, na watu wawili watatu wakacheka naye. Walikuwa watu wa kawaida kabisa, waliokula unga wake juzi. Siku ile nilijifunza kitu kuhusu mikopo ambacho sikukipenda.

Kwa nini hakwenda? Mke wake alikuwa wa hapa, mtu wa Kipushi, na hilo lilisaidia. Wapo majirani waliokwenda kukaa barazani pake jioni, kwa makusudi, waonekane; baba alikuwa mmoja, yule yule aliyemwita mwizi, na alikaa pale akigombana naye kuhusu bei kwa sauti ya kusikika mpaka njia ya pili. Mama alikuwa na jibu lake. "Aende wapi? Nani atamulipa kule Mwene-Ditu?" Huwa naona jibu hilo lina ukweli mwingi. Tumezoea kusema mwenye deni ndiye aliyefungwa kamba. Papa Butiki hakudaiwa na mtu. Yeye ndiye aliyedai mtaa mzima, na mali yake yote ilikuwa ndani ya matumbo yetu. Huwezi kuipakia hiyo kwenye treni.

Siku hizi nikipita Lubumbashi nasikia watu wakisema maduka ya pembeni yameuliwa na masoko makubwa yenye viyoyozi. Sidhani. Anayenunua mafuta kwa kichupa hajawahi kuwa mteja wa kiyoyozi. Dirisha la Papa Butiki limekuwa kibanda cha kutuma pesa kwa simu, kimepakwa rangi nyekundu, na kijana aliyemo hana cha kukukopesha isipokuwa muda wa maongezi, ambao simu yenyewe inakukopesha na kukukata asubuhi bila kukuangalia usoni. Unga unauzwa mezani, mbele ya kibanda, bado kwa meka. Na mwaka 2024, ukame ulipounguza mahindi ya Zambia, bei yake ikaruka Katanga yote kama ambavyo imeruka kila Zambia inapofunga mpaka. Nilimwona dada mmoja akiingiza mkono ndani ya kopo na kupapasa.

Na daftari la vitu? Mji mzima unaliandika sasa. Kodi kwa dola, ada ya shule kwa dola, friji kwa dola. Faranga, iliyokuja mwaka 1998 kuchukua nafasi ya zaire mpya kwa moja dhidi ya 100,000, tunailipa kwa kiwango cha siku. Bei ya siku hiyo, basi. Tofauti ni kwamba meka haikuwahi kukataliwa kwa sababu imechanika pembeni. Dola inakataliwa. Muuzaji anaiinua kwenye mwanga, anaikunjua pembe, akikuta mchaniko wa upana wa ukucha anakurudishia kama umempa jani.

Alifunga butiki miaka michache baada ya vita ya kwanza, ile iliyomwondoa Mobutu. Macho yalikuwa yamechoka, na binti yake aliyeolewa Ndola, Zambia, alimwita. Kabla ya kuondoka alipita nyumba kwa nyumba na lile daftari, asubuhi, akiwa amevaa koti. Wengine walilipa pesa, wengine walijificha; mtoto wa jirani alitumwa mlangoni kusema papa hayupo, na papa akakohoa ndani. Kwetu alikuta bado tuna mstari mmoja ambao sisi tulikuwa tumeusahau: sabuni nusu, ndakala kopo moja. Baba alitoa noti. Papa Butiki akatikisa kichwa; alikuwa anaondoka, pesa ile ingemsaidia nini Ndola.

Basi mama akajifunga kitenge, akaenda sokoni, akarudi na ndakala na kipande cha sabuni. Ndakala zilipimwa, zikapita. Sabuni aliishika muda mrefu, akaigeuza, akaipima kwa kiganja.

"Mama, hii haiko nusu."

"Papa, siku hizi njo vile inakuwa. Wamepunguza muche."

"Nusu yangu ilikuwa kubwa."

"Ile kubwa sasa hata kiwandani haiko."

Wakabishana mpaka chai ikaisha. Mwishoni aliitia sabuni mfukoni, akafungua daftari juu ya goti, akaomba rula yangu ya shule. Ndakala alizipiga mstari mnyoofu. Chini yake, kwa mwandiko wake wa karani, akaandika: sabuni, bado robo.